Bia ya cheri isiyo na sukari

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na shemeji mpe za kwake. Mimi sijambo. Jana usiku nimeonja bia ambayo mpaka sasa ladha yake haijanitoka mdomoni, na nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana kati ya wote ninaokunywa nao ndiye utakayenielewa.

Ni bia ya cheri, kutoka Ubelgiji. Najua umeshakunja uso. Tumeonja pamoja bia za matunda za kutosha, zile zinazonata midomo kwa sukari, na mara zote umesema anayetaka juisi anunue juisi. Nakuomba unisikilize kwa hii moja.

Chupa ina kizibo cha kuchomoa kama cha mvinyo, na juu yake kifuniko cha chuma. Nilipomimina, bia ikashuka nyekundu kama damu ya mzee, na povu lake ni la waridi kabisa. Povu lilipanda haraka, likachezacheza, likafa. Nikainusa. Cheri ilikuja mbele, lakini nyuma yake kulikuwa na harufu ya mbao mbichi na ya zizi la farasi. Usishtuke, haikuwa mbaya. Funda la kwanza lilinibana mataya, mate yakajaa kinywani kama nimeng'ata ndimu. Utamu hakuna hata chembe! Nikasubiri. Funda la tatu ndipo tunda lilipofunguka, na lilipokwisha kupita kooni ikabaki ladha ya lozi.

Hiyo lozi ndiyo iliyoninyima usingizi. Nikatafuta, nikagundua inatoka kwenye kokwa. Cheri huingizwa nzima, na kokwa zake, ndani ya mapipa ya mbao yenye bia iliyokwisha kukomaa, zikakaa humo miezi kadhaa. Kriek, neno lililo kwenye lebo, ndilo jina la hizo cheri chachu kwa lugha ya huko. Hamira hula sukari yote ya tunda; kinachobaki ni rangi, harufu na uchachu. Kumbe sisi miaka yote tulikuwa tukinywa sukari tukidhani ndiyo tunda.

Na hiyo hamira haipandwi na mtu. Bia yenyewe huitwa lambiki, na kwao ni bonde la mto Senne, Brussels na vijiji vilivyo kusini-magharibi yake. Hupikwa kwa kimea cha shayiri na ngano isiyooteshwa, kisha maji yake yakiwa bado moto humwagwa kwenye beseni pana la kina kifupi, wazi, yakaachwa usiku kucha yapoe. Vijidudu vya hewani na vya humo chumbani huangukia humo na kuanza kazi. Ndiyo maana hawapiki wakati wa joto, kwani hewa ya kiangazi huleta vijidudu vya kuiharibu. Miongoni mwa wageni hao kuna hamira ya mwituni iitwayo Brettanomyces, iliyotambuliwa mwaka 1904 na mtaalamu wa maabara ya Carlsberg kule Copenhagen. Huyo ndiye mwenye harufu ya zizi. Penye bia nyingine angefukuzwa. Hapa wanamngoja hata miaka miwili au mitatu kwenye pipa. Mimi kazi ya namna hii, ya mpishi kuamini hewa ya kwake, naiheshimu sana.

Ukiitafuta, soma lebo vizuri. Zipo Kriek zinazoongezwa sukari au juisi mwishoni, na hizo zitakurudisha kulekule ulikochoka. Angalia kama imeandikwa Oude Kriek. Jina hilo linalindwa kisheria huko Ulaya, na ni la ile ya kienyeji. Kilevi si kikali, yangu ilikuwa asilimia 5.

Nimebakiza chupa moja. Nimeilaza mahali penye giza, na siku moja kabla hujaja nitaisimamisha ili machicha yatulie chini. Sitaigandisha, kwa sababu baridi kali huua ile lozi. Njoo kabla hujala chochote kitamu, na usiseme neno mpaka funda la tatu. Nataka nikuangalie usoni.

Niandikie unakuja lini.

Ni mimi rafikiyo.