Mwanangu, hiyo 19 si tarehe

Mwanangu mpendwa,

Tangu nikutumie picha ya majibu yangu ya maabara, sauti yako kwenye simu imebadilika. Mdogo wako ameniambia umekesha ukiitafuta ile alama ya MELD, inayopima ini limechoka kiasi gani, ambayo kwangu ni 19, ukakutana na maneno "miezi mitatu", ukalia. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tungekatizana, nawe ungejikaza mbele yangu.

Hiyo miezi mitatu haina maana kwamba nimebakiwa na miezi mitatu. Alama hiyo ilibuniwa na madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000, ili kukadiria ni wagonjwa gani wangekuwa hatarini baada ya kuwekewa mrija wa kupitishia damu ndani ya ini. Baadaye ikaonekana inafaa kwa wagonjwa wengine wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, pia, na kuanzia 2002 Marekani ikaitumia kupanga foleni ya kupandikizwa ini. Foleni ina swali lake moja: nani yuko hatarini zaidi kufariki katika siku 90 zijazo asipopata ini jipya? Muda huo umetoka hapo.

Alama huanzia 6 hadi 40. Kwa hesabu zilizozoeleka, kati ya wagonjwa 100 wenye alama 10 hadi 19, kama 6 hufariki ndani ya miezi mitatu. Kwenye 20 hadi 29 wanakuwa kama 20, na kwenye 30 hadi 39 wanapita nusu. Mimi niko ukingoni mwa kundi la kwanza, na sitakuficha kwamba ukingo huo si mahali pa kustarehe. Mtu akifika 15 ndipo madaktari huanza kuzungumzia upandikizaji kwa uzito, na mazungumzo hayo kwangu yameshaanza. Lakini hesabu hiyo inawahusu watu 100. Haijui mimi ni yupi kati yao.

Sasa turudi kwenye ile karatasi. Wewe ulishika vimeng'enya, ALT na AST, ukafurahi kwamba viko karibu na kawaida. Mwanangu, usivitegemee. Vimeng'enya hivyo humwagika kwenye damu seli za ini zinapoumia. Ini likishajaa makovu, seli za kuumia zenyewe zinakuwa zimepungua, kama moto uliokwisha kula nyumba usivyotoa tena moshi mwingi. Zinazosema kama ini bado linafanya kazi ni nyingine.

Bilirubini yangu, ile rangi ya manjano iliyomo kwenye damu, ni 2.6, ndiyo maana macho yana umanjano. Ini linashindwa kuiondoa kwenye damu kwa kasi inayotakiwa. INR ni 1.5, yaani damu inachelewa kuganda, kwa sababu protini za kugandisha hutengenezwa na ini, na baadhi yake huisha ndani ya saa chache zisipotengenezwa upya. Daktari alinipa vitamini K kwanza aone kama tatizo ni upungufu wa vitamini hiyo. INR ilipobaki pale pale, tukajua ni ini lenyewe. Albumini, protini nyingine inayotengenezwa na ini, ni 2.8, nayo inakwenda polepole zaidi. Hukaa kwenye damu wiki kadhaa, kwa hiyo inaeleza hali ya muda mrefu kuliko ya juzi na jana.

Sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ni 134. Shangazi yako aliposikia iko chini akataka niongezewe chumvi kwenye chakula. Tafadhali mzuie, kwa upendo. Mwili wangu umeshikilia maji mengi mno, na maji hayo ndiyo yanayoizimua sodiamu. Chumvi ingevuta maji zaidi, tumbo lijae zaidi.

Kuna namba moja ambayo nataka uitazame kwa jicho kali kuliko zote, nayo pia ilikutuliza: kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, 1.1. Karatasi inasema kawaida. Kreatinini hutokana na misuli, na wewe umeiona mikono yangu, saa inazunguka hadi karibu na kiwiko. Mtu mwenye misuli michache hutoa kreatinini kidogo hata kama figo zimeanza kuchoka. Wanawake waliumizwa na jambo hili kwa miaka mingi, alama zao zikitoka ndogo kuliko hatari yao halisi, na kwenye foleni wakipitwa. Hesabu mpya, MELD 3.0, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 2023, imeongeza albumini na kumwongezea mwanamke pointi 1.33. Daktari wangu aliitumia hiyo, na ndiyo sababu nimefika 19. Kwa fomula ya mwanzo kabisa, majibu hayahaya yangenipa 15 au 16. Kwa hiyo ukilinganisha na karatasi za zamani, uliza kwanza zilikokotolewa kwa hesabu ipi, usije ukadhani nimeporomoka kwa usiku mmoja.

Na ukilinganisha, tazama mwelekeo. Maji ya tumboni yalipopata maambukizi, alama yangu ilipanda hadi 26. Nilipotibiwa ikashuka. Ungeiona ile 26 peke yake ungenililia matanga. Afadhali 19 iliyotulia kuliko 15 inayopanda kila wiki.

Tena yapo mambo ambayo MELD haiyahesabu kabisa. Haijui tumbo langu lina maji kiasi gani, wala kama akili imeanza kupotea. Alama ya zamani zaidi, ya Child-Pugh, huyahesabu yote mawili, na kwa alama hiyo mimi niko daraja B, la katikati kati ya A, B na C, ambapo C ndiyo mbaya zaidi. Ukiniona nalala mchana na kukesha usiku, narudia swali lilelile, mikono inapepesuka nikiinyoosha, au mwandiko wangu haufuati tena mstari, usisubiri majibu ya damu. Nipeleke hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo nikitapika damu, nikipata choo cheusi kama lami, nikipata homa, au mkojo ukipungua. Na mtu yeyote asinipe diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, hata kama nimeomba mwenyewe. Figo zangu haziwezi kubeba hizo.

Tumaini ninalo, na lina sababu. Ini langu liliharibiwa na homa ya ini B, na kidonge cha tenofoviri ninachomeza kila siku kimevishusha virusi hadi kipimo hakivioni. Kwa wengine, virusi vikinyamazishwa hivyo, ini hurudisha sehemu ya nguvu zake na alama hushuka. Makovu hayafutiki yote, na kipimo cha picha cha kutafuta saratani ya ini nitaendelea kufanyiwa kila miezi sita.

Hapa ndipo ninapokuomba jambo. Mimi sikujua nina virusi hivi nilipokuzaa, na mtoto anaweza kuvipata kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, akakaa navyo miaka bila dalili yoyote. Mdogo wako amepima, hana, na ameanza chanjo. Wewe bado. Kila nikikuuliza unasema kwanza mama apone. Hapana, mwanangu. Nenda wiki hii, uwaambie wapime HBsAg, kipimo kinachoonyesha kama virusi vimo mwilini, na kinga zote mbili, ile ya chanjo na ile inayoonyesha kama uliwahi kuambukizwa. Mwenzako naye apime. Wakikuambia huna virusi wala kinga, anza chanjo palepale. Wakikuambia unavyo, nipigie kabla hujamwambia mtu mwingine, tutakwenda kwa daktari wangu pamoja.

Mama yako