Risala ya kikundi cha akina mama washonaji wa mifuko ya nyumbani kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuvunja hisa, Chalinze

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Viongozi wetu wa dini, wenyeviti wa vitongoji,
Ndugu waalikwa, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha hapa. Pili tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Tunajua una majukumu mengi, na tunajua barua yetu ya mwaliko ilikufikia kwa kuchelewa, lakini hukutuma mwakilishi, umekuja mwenyewe. Kwetu sisi hilo ni jambo kubwa. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2019, miezi miwili baada ya Serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni. Tulikuwa akina mama 9 na vyerehani 3, tukashona mifuko ya kubebea bidhaa sokoni. Mara mifuko mbadala ya viwandani ikajaa madukani kwa bei ambayo mtu wa cherehani cha kukanyaga hawezi kushindana nayo. Tukageukia vitu vya ndani ya nyumba. Leo tuko 22, tuna vyerehani 6, tuna akaunti benki, na hisa tunazovunja leo, yaani akiba yetu tunayogawana, hazina mgogoro hata mmoja.

Kwa mafanikio, Mheshimiwa, tunaweza kusema bila kusita kwamba tumeitangaza Chalinze nchi nzima. Mabasi yakisimama hapa njia panda, abiria wa Arusha, Tanga, Mbeya na Songea wananunua mifuko yetu wakiwa dirishani. Tumeshiriki maonesho ya Nane Nane Morogoro. Mabinti 7 waliokuwa wamekaa tu nyumbani tumewafundisha kushona, na wawili sasa wana vyerehani vyao wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pengine hujapata nafasi ya kuuona mfuko wetu kwa karibu. Huo ulioning'inia nyuma yako ndio tunaouza zaidi. Familia nyingi hapa zinaishi chumba kimoja cha kupanga, hakuna kabati, na mwenye nyumba hataki misumari mingi ukutani. Mfuko huu unataka msumari mmoja nyuma ya mlango. Una vijumba 8: cha chaja, cha vitana, cha dawa, cha kadi ya kliniki ya mtoto, na vile vya chini vipana, vya kandambili. Mgongo wake ni jinzi la mtumba. Katikati tunaweka kiroba cha unga kilichofuliwa na kukaushwa, ndicho kinachoufanya usimame usilegee, na uso wake ni kitenge. Kila kijumba tunakitia rinda chini ili kipokee kitu kinene, maana kijumba bapa hakiingii hata sabuni. Juu tunaacha pindo pana na kupitisha ufito, ili uzito ugawane na mfuko usijikunje katikati. Tunao pia wa vitunguu, wenye wavu chini wa kupitisha hewa, na mdogo wa rimoti unaolala kwenye mkono wa kochi.

Hapo kwenye rinda, Mheshimiwa, ndipo lilipo ombi letu. Tungeweza kuorodhesha maombi kumi kama ilivyo desturi ya risala. Kamati ilikaa na kuamua tuombe moja tu.

Tunaomba cherehani cha umeme cha kushonea vitu vizito. Kimoja.

Pale pembeni ambapo rinda linakunjwa, ukihesabu jinzi, kiroba, kitenge na kijumba chenye bitana kilichojikunja mara tatu, ni tabaka 9, na utepe wa kuzungushia bado hujawekwa. Vyerehani vyetu vilitengenezwa kwa ajili ya magauni na sare za shule. Mshonaji akifika hapo anaacha kukanyaga na kuzungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, tundu kwa tundu. Tunaponda mshono kwa nyundo kwanza ili ulainike. Tunatumia sindano namba 18, na bado inakatika. Mwezi wa tisa kipande cha sindano kilimrukia mwenzetu kikamkata chini ya jicho, sentimita moja tu chini. Alishonwa nyuzi mbili zahanati na wiki iliyofuata alirudi kazini. Yupo hapa leo, ameketi mstari wa pili.

Mifuko inayotushinda kabisa tunampelekea fundi viatu pale stendi. Kwa kila mfuko anatutoza shilingi 1,000, nasi tunauuza 12,000. Hatumlaumu, naye anatafuta riziki. Ila anatushonea akishamaliza viatu vya wateja wake, kwa hiyo mzigo unalala kwake siku tatu, siku nne. Mwaka jana duka moja la Dar es Salaam lilituagiza mifuko 200 kwa mwezi mmoja. Tulikesha. Siku ya mwisho tulikuwa na 60. Mwenye duka alichukua hiyo 60, akalipa, na hajatupigia simu tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba radhi kwa tutakayosema sasa, ila tusipokueleza tutakuwa tumekuficha. Si mara ya kwanza kusoma ombi hili. Mwaka 2022 tulilisoma mbele ya mgeni rasmi wa mwaka ule, akasimama na kutuahidi vyerehani vitatu ndani ya miezi miwili. Tulipiga vigelegele, tukamvika kitenge. Kesho yake tukachangishana, tukamwita seremala atutengenezee meza imara ya kuviweka, tukalipia umeme uingie chumbani. Miezi miwili ikapita. Tulipiga simu, tukaandika barua mbili, nakala tunazo. Mwaka uliofuata mgeni mwingine alichukua mifuko 5 kwa ajili ya kututafutia soko, nayo hatujapata mrejesho wake. Mwaka huohuo wa 2023 tulikuwa tumejaza fomu za mkopo usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo ikasimamishwa nchi nzima. Iliporejeshwa mwaka 2024 tuliomba upya kama kikundi cha wanawake, na bado tunasubiri jibu.

Meza ile ipo, Mheshimiwa. Ndiyo hiyo iliyo mbele yako. Tumeitandika kitambaa na kukuwekea maji na maua, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya cherehani, na ukifunua kitambaa utaliona tundu la kupitishia mkanda wa mota. Umeme upo, LUKU ina uniti, swichi iko ukutani.

Hatukuombi utubebe kwa kila kitu. Tumeweka akiba ya shilingi 640,000 kwa ajili hiyo, na leo wanakikundi wote wamekubali kukatwa shilingi 10,000 kila mmoja kwenye hisa zake kabla ya kugawana, hivyo itafika 860,000. Bei tumeiulizia Kariakoo kwenye maduka matatu, na profoma ya kila duka tumeiambatanisha na nakala ya risala utakayokabidhiwa. Tunachoomba ni ukamilishe kiasi kilichobaki, au utushike mkono hadi kwa mtu atakayekamilisha.

Na kama hali hairuhusu, Mheshimiwa, tunaomba kwa heshima zote utuambie leo. Tutaendelea na fundi viatu na kuweka akiba polepole. Kinachotuumiza ni kusubiri. Kama hali inaruhusu, tunaomba katika hotuba yako ututajie tarehe, katibu wetu aiandike kwenye kitabu cha kumbukumbu wanakikundi wote wakisikia.

Kabla hujaondoka, mwenyekiti atakukabidhi mfuko wa ukutani wa vijumba 8. Rinda zake zote tulizishona hapa kwa mkono, hatukuupeleka stendi.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Maandalizi