YAH: Malalamiko ya Kutozwa Sh. 45,000 na Kudhalilishwa kwa Kukosa Sidii ya Kamera

Meneja wa Tawi,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya huduma mmeyabandika wenyewe nyuma ya kaunta, sitayarudia.

Jumanne nilimletea fundi wenu kompyuta yangu na kamera ya Canon EOS, ileile mliyoniuzia ikiwa imeshatumika, imefungwa kwenye gazeti, bila boksi. Niliomba niwekewe programu ya kufungulia picha za RAW, yaani picha ghafi kama kamera inavyozirekodi. Fundi alikuwa na kichala cha zabibu mkononi. Akauliza sidii iko wapi. Nikamwambia hamkunipa. Akawageukia wateja: "Huyu mama kapoteza sidii yake, sasa anatafuta wa kumsingizia." Watu wakacheka. Akaipindua kamera kwa vidole vilevile vinavyonata.

Hela, Sh. 45,000, alishapokea. Alidai ana sidii "ya akiba". Kumbe ilikuwa ya sasisho tu: inatafuta toleo la zamani kwenye kompyuta, ikilikosa inagoma. Iligoma mara nne nikiwa nimekaa kwenye benchi, na kila mara alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyegoma.

Usiku uleule mtoto wa dada yangu, anayesoma UDOM, aliimaliza kazi bila sidii yoyote. Aliingia kwenye tovuti ya Canon, akachagua aina ya kamera, akaandika namba ya utambulisho iliyo chini ya kamera, akapakua programu mbili za Canon, Digital Photo Professional na EOS Utility. Bure! Kilicholiwa ni bando langu. Na picha za kawaida, za JPEG, ndugu meneja, zinahamishwa kwa kadi rida tu, kile kifaa cha kusomea kadi ya kamera, programu haihitajiki. Fundi wa kamera halijui hilo? Au analijua, na Sh. 45,000 ndiyo bei ya kulificha?

Naomba turudi pale kaunta, maana mpaka leo linanikaba. Kabla hata ya neno la sidii aliinyanyua kamera yangu juu, duka zima liione. Pembeni yangu alikuwa amesimama baba wa bwana harusi wa Nkuhungu, mwenye zile picha za harusi nilizotaka kuzifungua. Ndipo fundi wenu akasema nimepoteza sidii, natafuta wa kumsingizia, kisha akaongeza (hili nilikuwa nimelinyamazia): "Mama, kazi hii ina wenyewe, wewe kalime zabibu." Watu walicheka. Yule mzee hakucheka, aliinamia viatu vyake. Jioni alinipigia kuuliza kama picha za mwanawe bado zipo.

Nilipoanza kuandika nilitaka nirudishiwe Sh. 45,000 tu. Sasa nataka hizo, pamoja na fundi huyo aniombe radhi palepale kaunta, saa za wateja, mzee akiwepo. Na kamera muichukue, mnirudishie bei yake yote. Nawapa siku 7. Zikipita, barua hii itafika Tume ya Ushindani, na nakala itakwenda TRA, kwa sababu nilipodai risiti niliambiwa mashine ya EFD imeishiwa karatasi.

Namba yangu ya simu mnayo. Fundi aliiandika nyuma ya kipande cha boksi alichonipa badala ya risiti, akapiga picha kwa simu yake. Kipande chenyewe nimekitunza.

Wenu,
Mpiga picha, Nkuhungu