Binamu, Wimbo Huo wa Jim Reeves Usipigwe Harusini

Binamu,

Nimeiona ratiba ya harusi uliyoitupa kwenye kundi la familia. Mengine yote sawa, hata hizo hotuba sita nitazivumilia. Lakini maharusi kuingia ukumbini na "He'll Have to Go"? Hapana, ndugu yangu.

Najua umeutoa wapi. Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, kwetu ni mtu wa nyumbani, na ile sauti yake nzito humlaza mtu hata asishike maneno. Hebu yashike leo. Bwana yuko baa, amempigia simu mpenzi wake, na huko aliko mpenzi kuna mwanamume mwingine. Anambembeleza asogeze mdomo karibu na simu, kisha amwambie huyo mgeni aende zake. Ndio utakaoingia nao umemshika bibi harusi mkono? Wakwe zako Kiingereza wanakijua vizuri sana.

Wimbo wenyewe sina ugomvi nao. Waliutunga Joe Allison na mkewe Audrey. Inasimuliwa kwamba Audrey alikuwa na sauti ndogo mno kwenye simu, Joe akawa hana budi kumwomba asogee. Reeves aliurekodi Nashville mwaka 1959, chini ya prodyuza Chet Atkins, na kampuni ya RCA ikauweka upande wa pili wa santuri. Uliotegemewa kuvuma ulikuwa "In a Mansion Stands My Love". Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri, na mwaka 1960 huo wa nyuma ukakaa wiki 14 namba 1 kwenye chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Kwenye Hot 100, chati yao nyingine wanakoshindania wanamuziki wa kila aina, ukafika namba 2.

Mimi naamini siri ni kule kuimba kwa kunong'ona. Reeves alianza kwa kupaza sauti kama wenzake, baadaye akajifunza kuisogelea maikrofoni na kushusha sauti. Na wimbo huu ni wa simu! Kila aliyewasha redio alihisi yeye ndiye aliyepigiwa.

Kuna na kioja. Mwaka huohuo Jeanne Black alitoa jibu la yule mwanamke, "He'll Have to Stay", likafika namba 4 kwenye Hot 100. Jibu lenyewe: mgeni haondoki. Dijei wako akiupachika huo baada ya wa kwanza, mimi simo.

Kama ni lazima awe Jim Reeves, mwambie apige "I Love You Because". Mtunzi wake, Leon Payne, alikuwa kipofu, na Reeves aliufikisha namba 5 Uingereza mwaka 1964. Humo wamo wawili tu, na hakuna anayefukuzwa. Nijibu kabla ya kikao cha kamati, maana shangazi ameshaanza kuufanyia mazoezi ule mwingine.