Jumamosi Lushoto: safari ipo palepale

Habari za jioni wapigapicha. Wengi mmeuliza kama tunaahirisha kwa sababu ya mawingu. Hapana, mawingu ndiyo tunayoyafuata! Tunapanda kutoka Mombo alfajiri, tuwe Irente, kwenye ukingo wa kutazamia bonde, mapema. Ukungu ukifunga bonde na kijiji cha Mazinde kisionekane kule chini, msininunie: tutahamia msitu wa Magamba, ambako miti ya karibu hutoka myeusi na ya nyuma hufifia safu kwa safu. Mimi napapenda kuliko Irente, semeni mtakavyo.

Weupe wa ukungu huidanganya kamera, picha ikatoka ya kijivu na nzito. Ongezeni mwangaza hadi stopu moja, yaani mwanga maradufu. Wa simu, gusa mti kisha pandisha mwanga. Lenzi ikihangaika kutafuta fokasi, ilengeni kwenye ukingo wa shina la mti. Anga tupu likateni kwenye picha.

Njooni na vitambaa vikavu na mfuko usiopitisha maji. Mkirudi ndani penye joto, kamera ibaki kwanza kwenye mkoba uliofungwa, la sivyo lenzi itatoka jasho. Na masweta jamani, hasa ninyi wa Tanga mjini. Atakayechelewa Mombo atapanda daladala.