Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu: Vipimo vya Presha Visiishie Kwenye Rejista

Mheshimiwa Waziri,

MINTARAFU: UTAFITI WA MOYO NA MISHIPA YA DAMU KATIKA KAUNTI YETU

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Manyatta. Katika miaka yangu ya utumishi nimefunga mkanda wa kupimia presha kwenye mikono ya wakulima wa mpunga wa Ahero, wavuvi wa Dunga, wachuuzi wa Kibuye na hata vijana ambao hawakudhani kwamba mtu wa umri wao anaweza kupatwa na maradhi hayo. Nakuandikia kuhusu zile namba tunazoandika baada ya kuufungua mkanda, kwa maana naamini zinaweza kutufunza mengi kuliko tunavyoziruhusu.

Wengi wetu hapa Kisumu hatujui kwamba swali la kwa nini presha hupanda liliwahi kutafutiwa jibu miongoni mwa watu wetu wenyewe. Katika miaka ya 1980 watafiti, akiwemo daktari Mwingereza Neil Poulter, walichunguza jamii ya wakulima Wajaluo karibu na Ziwa Victoria ambao presha yao ilikuwa ya chini, kisha wakawafuata vijana waliohama kutoka huko kwenda Nairobi na kuvilinganisha vipimo vyao na vya wenzao waliobaki kijijini. Haikuchukua miaka, ndani ya miezi michache tu presha ya wahamiaji ilikuwa imepanda kuliko ya waliobaki, mapigo ya moyo wao yalikuwa ya kasi zaidi, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi, ambayo hutokana na chumvi, na potasiamu kidogo, ambayo tunaipata katika mboga na matunda. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Hawa walikuwa watu wa asili moja na waliobaki, kwa hiyo kauli tuliyozoea kuwaambia wagonjwa, kwamba presha ni ya ukoo, haitoshi. Kilichobadilika kilikuwa chakula na maisha.

Mheshimiwa, niruhusu nieleze jambo hili linavyotendeka mwilini, kwa kuwa ndiyo sababu ya ombi langu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Unapojikamua, mshipa mkuu wa aota hutanuka na kupokea damu hiyo, na moyo unapolegea mshipa huo hujirudi na kuendelea kuisukuma mbele, hivyo kwamba damu haisimami kati ya pigo moja na jingine. Namba ya juu tunayoandika ni shinikizo la wakati wa kujikamua, na ya chini ni la wakati wa kulegea. Tunazipata kwa kusikiliza sauti ambazo daktari Mrusi Nikolai Korotkov alizieleza mwaka 1905. Chumvi inapozidi, mwili huhifadhi maji zaidi na mzigo wa moyo huongezeka; na hali hiyo ikidumu, kuta za mishipa hukakamaa, aota hupoteza ule wepesi wa kutanuka na kujirudi, na msuli wa upande wa kushoto wa moyo huwa mnene kwa kazi nyingi. Haya yote huweza kuendelea kwa miaka bila maumivu yoyote. Mgonjwa hujua siku anapopooza upande mmoja wa mwili au anapoambiwa kwamba figo zimechoka.

Katika kituo kimoja nilichohudumu tulikuwa na mkanda wa saizi moja kwa mikono yote. Mama mmoja mwenye mkono mnene alianzishiwa dawa kwa kipimo kimoja tu. Alipopimwa tena baadaye kwa mkanda mpana, akiwa ameketi na kupumzika dakika tano, presha yake ilikuwa ya kawaida. Mkanda mwembamba huongeza namba, nasi tulilijua hilo. Rejista zilipojaa zilifungwa kamba na kurundikwa stoo, na sikuwahi kumwona mtu aliyekuja kuzisoma.

Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine za kupimia presha, nao hubisha hodi nyumba kwa nyumba. Hiyo ni nafasi ambayo mtafiti yeyote angeitamani. Naomba kaunti iitumie kuwafuata watu wale wale kwa miaka kadhaa, wa mitaa ya mjini ya Nyalenda na Obunga pamoja na jamaa zao waliobaki vijijini, Seme na Nyakach, ili tujue leo presha inaanza kupanda katika umri gani na kwa ajili ya nini. Mji umesogea hadi kijijini. Chipsi na vidonge vya kukolezea mchuzi vinauzwa kwenye kila kituo cha bodaboda, na sidhani kwamba tofauti ile ya miaka ya 1980 ingali kama ilivyokuwa. Hilo halitajulikana kwa kudhani. Baadhi ya watu wapimwe mkojo pia, maana ulimi wa mtu hauwezi kukadiria chumvi anayokula kwa siku.

Wataalamu hatuhitaji kuwatafuta mbali: Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, iko Kisian, na Chuo Kikuu cha Maseno ni mwendo mfupi kutoka mjini. Ridhaa ya kila mtu iombwe kwa lugha anayoielewa, majina yaondolewe kabla ya takwimu kutoka kaunti, na matokeo yarudishwe barazani kwa wale waliotoa mikono yao ipimwe. Lakini kabla ya yote, mikanda ya saizi mbalimbali itengewe fedha katika bajeti ijayo, kwa kuwa kipimo kisicho sahihi kikirudiwa mara elfu hakitatupa ukweli.

Niko tayari kuwafunza wahamasishaji wa Manyatta bila malipo, siku yoyote ya wiki, kuanzia na namna ya kuuchagua mkanda unaoufaa mkono.

Wako mwaminifu,
Muuguzi mstaafu,
Manyatta, Kisumu