Tahajia mbaya si akili mbovu

Mhariri,

Juzi fundi wangu wa Kamukunji alinyimwa kazi kwa sababu kwenye makadirio ya bei aliandika "mirango miwiri ya chuma". Mwenye nyumba alicheka, akasema asiyejua kuandika hawezi kupima. Iliniuma sana. Fundi huyu hupima mara moja, hukata, na mlango huingia kwenye fremu bila kugongwa nyundo. Kikuyu, lugha aliyolelewa nayo, haina sauti ya "l". Basi "r" humtoka kalamuni kama inavyomtoka mdomoni. Katiba ya 2010 ilifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Wakenya wote, si ya waliofaulu insha tu. Nawasihi wanaotoa kazi waitazame kwanza milango aliyokwisha kuitengeneza.

Msomaji,
Nairobi